Bwana Chokaa

Nikinusa chokaa mbichi, ile inayokorogwa asubuhi ndani ya ndoo, ninatema mate. Wajukuu wangu wananijua. Siku moja mwalimu wao aliwatuma kutafuta chokaa ya kupaka mawe ya shule, wakaniangalia, kisha wakaenda kuomba kwa jirani. Chokaa yenyewe haijanikosea kitu. Aliyenikosea ni mtu aliyeipenda kuliko alivyopenda watu, na huyo ndiye ninayetaka kumwandika, kabla wanaomkumbuka hawajaisha na waliobaki hawajaanza kumsifu.

Jina lake sitalitaja. Ana watoto, na mtoto hachagui baba. Sisi wa Tulia, kijiji chetu huko Kitui, tulimwita Bwana Chokaa, naye alijua hivyo na akapenda, maana alifikiri ni sifa. Kazi yake ilikuwa kupamba barabara za Nairobi. Sisemi kutengeneza. Kutengeneza kulikuwa na watu wake, wenye sururu na lami. Yeye alikuja baada yao na maua, na chokaa, na kidole cha kuonyesha. Hapa paonekane. Pale pafunikwe.

Shamba lake na letu yaligawanywa na mstari wa mkonge, ule ule mkonge ambao wanawake wa pande zote mbili tuliukata kwa ajili ya vyondo, vikapu vyetu vya kusuka. Kwa hiyo nilimjua kama mtu anavyolijua jiwe la njia ya mtoni. Na kwa miaka mingi nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake: aniangalie usoni akubali kwamba siku ile, kwenye ile barabara yake, alinijua. Nitaifikia siku ile. Kwanza mumwone mtu mwenyewe.

Alikuwa mrefu, mwembamba, wa soksi nyeupe. Soksi nyeupe, pale Tulia, wakati wa kiangazi! Alitembea kwenye vumbi letu akinyanyua miguu kama kuku anayevuka matope. Hakuketi popote kabla hajapangusa kiti kwa hankachifu, hata matangani, hata mbele ya wafiwa. Siku tulipomzika baba mkwe wangu alipangusa kiti, akaketi, akalitazama kaburi bichi, na neno lake la kwanza likawa, "Hapa pembeni pangekaa mawe mazuri." Watu wakasema masikini, ni huzuni inamsumbua. Huzuni gani! Macho yake ndivyo yalivyokuwa. Yaliona ukingo wa kitu, kile kilicho ndani hayakukiona.

Krismasi wanaume wengine walishuka kwenye basi na sukari, na viatu vya watoto. Yeye alishuka na debe la chokaa. Alipaka mawe kutoka barabarani hadi mlangoni kwake. Alipaka miti mpaka kiunoni, ikasimama pale kama wanaume waliovaa suruali wakasahau shati. Mwaka mmoja akapaka na hori la mbuzi. Mbuzi wangu mmoja, mwenye mimba, akapenya kwenye mkonge akalilamba akidhani ni magadi. Mdomo ukavimba, povu likamtoka, na usiku haukuisha kabla hajaharibu mimba. Asubuhi nilikibeba kile kitoto kwa mikono, maji yake yakinidondokea miguuni, nikakiweka chini mbele ya zile soksi.

"Ona chokaa yako imefanya nini."

Aliruka nyuma. Aliogopa kuchafuka, basi. "Mama Mwende," akasema, "huyu mbuzi wako hana adabu. Kitu kimepakwa, yeye analamba?"

Mama Mwende ndiye mimi. Mwende ni kifungua mimba wangu. Kwetu mtu akikuita kwa jina la mtoto wako amekupa heshima yako yote, huna haja ya nyingine. Lishikeni hilo, maana nitalirudia.

Lakini nikisema mbuzi nikanyamazia choo nitakuwa nimemsitiri. Kulikuwa na wakati watu wa afya walizunguka wakitaka kila boma liwe na choo. Sisi tulichimba mpaka tukagonga mwamba, viganja vikapasuka. Bwana Chokaa alileta fundi. Choo chake kikatokea cheupe kama yai, kina kidirisha, kina maua mlangoni. Mkaguzi akasimama mbali, akakisifu, akasema sote tuje tuone mfano. Hakuna aliyechungulia shimo. Shimo lenyewe lilifika magotini! Nilijua lilipofurika. Mvua ya kwanza kubwa iliponyesha, yote yaliyokuwa mle yaliinuka, yakashuka tuta moja baada ya jingine, yakalala kwenye maharagwe yangu. Nilisimama pale na jembe, pua nimeiziba kwa leso, natazama funza wakijinyonganyonga kwenye majani niliyoyapalilia kwa mgongo wangu. Nikamwita kwa sauti ambayo hata Kitui mjini waliisikia. Akaja mpaka kwenye mkonge, hakuvuka.

"Sasa kelele ya nini? Panda maua hapo. Yatastawi."

Na kitu kilichoniudhi kuliko yale mavi ni kwamba hayo maua aliyapanda yeye mwenyewe, upande wake wa mpaka, na yakastawi kweli. Ya manjano, makubwa kama sahani. Wapita njia wakasimama: aii, ona uzuri wa hapa. Nikawaambia wasogee karibu wanuse.

Alikuwa na misemo yake. "Nje kwanza," alisema kila mara. "Mji ni uso. Mtu akienda kuposa anaosha uso, haoshi tumbo." Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, na maombi yake yalikuwa na maneno matamu mpaka akina mama wakalia. Mwaka mmoja wa ukame aliombea mvua, akamwomba Bwana ailete taratibu isije ikarusha matope ukutani. Nilifumbua macho nimwone kama anatania. Alikuwa amefumba yake, machozi yanamtoka.

Msemo aliouthamini sana ni huu: "Jicho la mgeni halina tumbo." Maana yake mgeni hataki kujua umekula nini, anataka kuona umepanga nini. Aliusema nyumbani kwa mama yake, mimi nikiwa pale tunasuka. Yule mama alikuwa mnene, mcheshi, jicho moja limeingia ukungu. Alikuwa anasokota uzi wa mkonge pajani, na hakuinua hata kichwa.

"Basi mimi si mgeni hapa," akasema, "maana langu linanguruma."

Tulicheka mpaka nikaangusha kazi yangu. Yeye hakucheka. Alikuwa anatazama ukuta wa mama yake, ambao alikuwa ameupaka wiki ile ile, mweupe kama meno ya mtoto. Juu ya ule ukuta nyasi za paa zilikuwa zimeoza. Mvua ikinyesha mama alihamisha kitanda kona hii, akahamisha kona ile, mwishowe akakaa na sufuria kichwani. Nilimwambia Bwana Chokaa, wewe, ezeka nyumba ya mama yako. Akanijibu paa halionekani kutoka barabarani.

Lazima niseme na hili, kwa sababu ni kweli, na linanichukiza zaidi kuliko kama lisingekuwa kweli: kwa maua alikuwa na mkono wa mkunga. Nimemwona Nairobi, kwenye mzunguko wa magari, amepiga magoti na soksi zake zile, anatoa viwavi kwenye jani mmoja mmoja, anawaweka kando bila kuwaponda. Nimemwona akikasirika hadi midomo ikamtetemeka kwa sababu gari lilikanyaga mche. Hakuwahi kupiga mtu, wala kutukana. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayemtuliza mtoto. Ukiisikia sauti kama hiyo ikikuita takataka, inachukua muda kabla hujajua umetukanwa.

Sasa nimefika.

Sisi wanawake wa upande ule tulikuwa na mwethya, kikundi cha kusaidiana. Tulilimiana, tukachimba matuta, na kiangazi tulisuka vyondo. Kazi yangu najua ilivyokuwa, sioni aibu kuisema. Darasa niliishia la pili, lakini kiondo changu ukikijaza maji hakidondoshi tone mpaka jioni, na mpaka Machakos mtu aliyekigeuza kitako alijua kimetoka kwa nani. Kila msusi ana mkono wake. Wa yule mama wa Bwana Chokaa ulijulikana hata kwa mbali: alipenda kuweka mstari mmoja wa kahawia kutoka kitako hadi ukingo, na kwa sababu ya lile jicho lake mstari ulipinda, ukaenda kama mlevi anayerudi nyumbani. Wanunuzi waliupenda. Walidhani ni mtindo.

Mimi na wifi yangu Kalekye ndio tuliopeleka vyondo vya kikundi Nairobi. Tulikaa kando ya barabara moja pana, chini ya mti, tukatandika gunia. Ilikuwa barabara yake. Siku nyingi alipita, akatazama kushoto na kulia kama mwizi, akaja nyuma ya mti kunisalimu.

"Wakya, Mama Mwende. Muthokoi iko?"

Nilimpa. Alikula yale mahindi na maharagwe yetu kwa haraka akiwa amechuchumaa, akanirudishia kibakuli kimepanguswa kwa hankachifu, akasema mwambieni mama nitakuja. Kwa hiyo asije mtu akaniambia hakunijua.

Ukaja ule mwaka tuliokula mahindi ya manjano ya msaada. Njaa ilikuwa imekaa kwetu kama mkwe asiyetaka kuondoka. Kikundi kilisuka bila kupumzika, wengine wakisuka na tumbo tupu, na vyondo vyote tukapewa mimi na Kalekye tuvipeleke, kwa sababu tulisikia Nairobi kutakuwa na wageni wengi, wakubwa wa nchi nyingi, na wageni hununua. Yule mama alinipa vyake mwisho. "Ukimwona kijana wangu," akasema, "mwambie bado ninaona kidogo."

Nairobi tuliyoifikia haikuwa ile tuliyoijua. Miti yote ilikuwa imevaa suruali nyeupe. Kule ambako kulikuwa na vibanda vya maskini palikuwa na ukuta wa mabati uliopakwa kijani, na nyuma ya ule ukuta ulisikia watoto wakilia lakini huwaoni. Mahali ambapo nyasi zilikuwa zimekauka walizipulizia rangi. Naapa, niligusa nyasi nikatoka na kidole cha kijani. Na kando ya lami walikuwa wamechomeka matawi yasiyo na mizizi, yamesimama wima kama miti, na majani tayari yameanza kujikunja. Kalekye alivuta moja likang'oka, likabaki mkononi mwake. Akalirudisha polepole, akaniangalia, tukacheka. Tulicheka. Hatukujua kwamba na sisi tumehesabiwa miongoni mwa vilivyokauka.

Tulitandika gunia. Jua halijapanda sana, akatokea Bwana Chokaa, na askari, na lori nyuma yao. Nilifurahi kumwona! Nilisimama nikapangusa mikono, nikamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, vile tunavyoitana kwetu.

Hakuniangalia. Alitazama gunia, akatazama vyondo, akavitazama sana, kisha akatazama lami nyuma yangu, mahali nilipokuwa nimeiziba.

"Wewe mama," akasema kwa ile sauti yake ya chini, "mimi sikujui. Toa hii takataka barabarani."

"Takataka?" Kalekye alikuwa na mdomo kuliko mimi. "Hii takataka amesuka mama yako! Uliza huo mstari, uliza ni wa nani!"

Askari wawili wakacheka. Nikaona shingo ya Bwana Chokaa ikitoka jasho, lakini uso ulikuwa umetulia kama ukuta. Akainua kile kidole.

"Pakia watu," akawaambia. "Vyondo viacheni."

Mnisikie vizuri: nilimshukuru. Moyoni nilisema, ameona aibu, anatutunzia vyondo mpaka kesho, baadaye ataturudishia na kuomba radhi. Nikapanda lori nimemshukuru.

Lori lilikuwa la taka. Lilikuwa limemwagwa, lakini halikuoshwa. Chini kulikuwa na maji meusi ya kabeji zilizooza na damu ya samaki, yakienda mbele lori likifunga breki, yakirudi nyuma likiondoka, na sisi tumechuchumaa humo. Alikuwamo mzee asiye na miguu aliyeomba karibu na posta, na alikuwa anafikiwa kiunoni pale ambapo sisi tulifikiwa vifundoni. Alikuwamo msichana anayenyonyesha, nzi wamemfunika mtoto mdomo. Kalekye alitapika, nami nikatapika kwa kumwona. Tulimwinua yule mzee tukamkalisha juu ya mapaja yetu kwa zamu. Nje, kupitia mbao, niliona maua yakipita. Mekundu, meupe, ya zambarau. Sijawahi kuona maua mengi hivyo, na mpaka leo nikiona maua mengi pamoja nasikia harufu ya kabeji.

Walitumwaga Malili. Siku zile Malili ilikuwa nini? Maduka machache kando ya barabara ya Mombasa, na uwanda mtupu, na upepo. Mchana wa jua kali walifungua lango la nyuma wakasema shukeni, mji umejaa. Kisha lori likageuka kurudi kuchukua wengine. Wanaume wa pale walitutazama wakaziba pua. Siwalaumu, tulinuka. Aliyekuja ni Msomali mmoja mwenye duka, mfanyabiashara wa mbuzi. Alimtazama yule mzee asiye na miguu, akatazama nguo zetu, akasema kitu kwa lugha yake ambacho sikuhitaji kutafsiriwa.

"Mama, njooni kivulini. Maji iko. Chai pia iko." Akamwaga ndoo nzima ya maji miguuni petu, maji ya Malili, ambayo yanauzwa. Halafu akauliza, "Hawa watu ya Nairobi, leo wanatupa wazee pamoja na maganda?"

"Leo kuna wageni," nikamjibu.

"Wageni," akasema, akatema mate. Hapo ndipo nilipojifunza kutema vizuri.

Tulifika Tulia kwa lori la mbuzi la ndugu yake, na hao mbuzi walinuka vizuri kuliko sisi. Wanawake wa kikundi wakanizunguka. Yule mama hakuuliza habari ya vyondo. Aliuliza, "Umemwona? Amesemaje?" Lile jicho lake moja lilikuwa limefunguka kabisa.

"Tumemwona, mwaitu, mama yetu," nikamwambia. "Ana afya."

"Alikusalimia?"

"Ana afya, mwaitu."

Wageni walipoondoka nilirudi Nairobi peke yangu. Kalekye alisema afadhali afe njaa. Mimi nilikwenda kudai vyondo vya watu, na kumdai yeye uso wake. Sikumpata. Vyondo nilivipata. Sikuhitaji hata kuuliza. Vilikuwa vimening'inizwa kwenye nguzo za taa, kila nguzo kiondo chake, barabara ile ile pana aliyotutoa, vimejazwa udongo na kupandwa maua. Vyetu. Jasho la kikundi kizima, juu ya vichwa vya watu, kama vichwa vya wezi.

Na sasa nitaonyesha jinsi Mungu hafichwi kwa chokaa. Mtoto yeyote wa Mkamba anajua kiondo kilichosukwa sawasawa kinashika maji. Yule bwana alilelewa na msusi, amelala utotoni juu ya nyuzi za mkonge, na alivijaza udongo bila kutoboa vitako, akaagiza vimwagiliwe asubuhi na jioni. Maji hayakuwa na pa kwenda. Mizizi ikalala majini. Maua yakawa kama mboga iliyochemshwa ikasahaulika, na mkonge nao ukaanza kuoza. Wasiojua mkonge uliooza siwezi kuwaeleza. Ni kama ng'ombe amefia kisimani. Barabara nzima ilinuka. Vitako vilikuwa vimelegea, vikidondosha maji ya kahawia, mazito kama usaha, juu ya kofia za watu wa ofisi, na wale watu wakiruka, wakitukana, wakitazama juu wasielewe ni nini kinawajia. Nilisimama nikatazama kwa muda. Sikucheka. Zilikuwa kazi za mikono yetu.

Vibarua wawili walikuwa na ngazi, wanavishusha wakivitupa kwenye lori. Lori lile lile. Nikaona mstari wa kahawia, umepinda.

"Kijana," nikamwita aliye juu, "nipe hicho."

"Hii? Susu, hii imeoza," akasema, akiniita bibi mzee.

"Nipe vivyo hivyo."

Aliniangushia, udongo na yote. Kitako kikabaki chini kwenye lami, mimi nikabaki na ukuta wake na ukingo. Nilikiosha mtoni kwetu, nikakianika, nikakitundika ndani ya nyumba yangu mahali ambapo yule mama asingefika. Wenzangu niliwaambia ukweli. Yeye nilimwambia vilipendwa na wageni. Akafurahi sana. Alikufa bado anafurahi, mvua ya mwaka uliofuata, akiwa na sufuria kichwani.

Mwanawe alimjengea kaburi la saruji, akalipaka. Nasema hivi bila kuongeza chumvi: ndiyo nyumba yake ya kwanza ambayo haikuvuja.

Tangu hapo Bwana Chokaa hakupita kwangu. Krismasi nilisikia brashi yake ng'ambo ya mkonge, swa, swa, swa, nikaita, brashi ikanyamaza. Kanisani alitokea mlango wa kando. Miaka ikaenda. Mwende akaolewa, wajukuu wakaja, yeye akaachishwa kazi jijini pamoja na wengi. Siku hizo walikuwa wanawapunguza. Barabara zake, nikasikia, zimejaa mashimo, na ile mizunguko ya maua watu wanaichomea taka.

Basi alasiri moja, miaka ya tisini imeingia, nimekaa nje nasuka, akavuka mkonge. Alikuwa amekonda. Soksi zilikuwa nyeupe, lakini kisigino kimoja kilikuwa nje. Jicho moja lilikuwa limeingia ukungu, kama la mama yake. Nilimpa kigoda. Alikitazama, akaingiza mkono mfukoni, hankachifu haikuwamo, akaketi hivyo hivyo.

Alizungumza habari ya mvua. Nikamwacha. Kisha nikaingia ndani, nikatoa kile kiondo kisicho na kitako, nikakiweka mapajani pake.

Alikizungusha. Kidole chake kikafuata mstari wa kahawia kutoka chini, kikapinda ulipopinda.

"Huu ni mkono wa mama," akasema.

"Ni wake. Siku ile barabarani, ulinijua au hukunijua?"

Nilikuwa nimengoja jibu hilo miaka mingi kuliko nilivyongoja mtoto yeyote. Akaniangalia usoni, kwa jicho lile moja zima.

"Mama Mwende, nilikujua kabla sijashuka garini. Nilijua hata vyondo. Ndiyo sababu nikasema viachwe." Akakishika kwa mikono miwili, na uso wake ukawa mwororo, kama nilivyouona akitoa viwavi. "Vilikuwa vizuri sana. Kwenye barabara yote ile hakukuwa na kitu kizuri kama hivi. Yule mgeni mkubwa alipita akanyoosha mkono kuvionyesha. Nilimwona."

"Na sisi?"

Alifikiri. Alifikiri kweli, hakuwa anakwepa.

"Ninyi mlikuwa na vumbi," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyopata nilichokuwa nakitaka. Nilikipokea nikakaa nacho pale mapajani kama mtu aliyeletewa nyama, akaifungua, akakuta inatembea. Aliponiomba kile kiondo nikampa, kwa sababu mama alikuwa wake. Akavuka mkonge akiwa amekikumbatia, na nitasema ukweli, nilimwona anafuta jicho, na kwa siku chache nilidhani huenda kimemwingia.

Jumapili baada ya kanisa nilipita njia ya kwao. Juu ya kaburi la mama yake palikuwa na kitu cheupe, na maua ya manjano yakichungulia juu yake, makubwa kama sahani. Nikasogea. Kilikuwa kile kiondo. Sasa hakikuwa na kitako, maji yalipita, maua yalikuwa mazima kabisa. Na alikuwa amekipaka chokaa. Chote. Tabaka juu ya tabaka, ukingo hadi chini, mstari hauonekani.

Nilitema mate. Kisha nikaokota gunzi la mahindi, nikapiga magoti na gauni langu la kanisa, nikaanza kukwangua.

Nikasikia mlango wake. "Mama Mwende!" Sauti ile ya chini ilikuwa imepanda kwa mara ya kwanza. "Mama Mwende, unafanya nini? Unaharibu! Watu wanapita barabarani, wataona nini?"

Sikugeuka kumtazama. Maua sikuyagusa, hayajakosa. Nilikwangua chokaa ikinijaa kucha, mpaka ile kahawia ikaanza kujitokeza kidogo kidogo kutoka chini, imepinda vilevile, ikipanda kwenda ukingoni.